Pikipiki ya skrepa haivuti vizuri: soma dalili kwanza ndo uchague filta ya hewa

Ukinunua pikipiki ya skrepa, iwe ilianguka, ilizama kwenye maji au ilikaa tu miaka mingi haijawashwa, mara nyingi upande wa hewa unakuta umeshachezewa. Boksi la hewa halipo, au lipo ila limepasuka, au mtu kalitoa kaweka filta za koni moja kwa moja kwenye kabureta (kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli), au hamna filta kabisa kabureta ipo wazi inatazama tairi la nyuma. Alafu pikipiki inawaka ila haivuti, inakata moto, inapiga bakfaya (milio ya kulipuka), na mwenye nayo anakimbilia kuuliza ninunue filta gani. Mi nasema hilo swali liwe la mwisho. La kwanza ni hili: kabureta iliyopo hapa imesetiwa kwa hewa ya aina gani? Manake boksi la hewa na jeti za kabureta (vile vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli) vilipimwa pamoja kiwandani, ukibadili kimoja bila kingine lazima ulipe mahali, na kwenye skrepa hujui mwenye mwanzo alibadili kipi akaacha kipi.

Tuelewane kwanza kidogo hilo boksi linafanya nini, kwa sababu watu wanaliona ni plastiki tu la kuficha filta. Chukua injini ya cc 250 ya stroku nne. Ikizunguka mara 8,000 kwa dakika inavuta hewa mara 4,000, kwaio kwa hesabu ya karatasi ni kama lita 1,000 za hewa kila dakika, na haivuti kwa mfululizo, inavuta inaacha, inavuta inaacha. Boksi linaweka akiba ya hewa iliyotulia nyuma ya kabureta ili kila mvuto ukute hewa ile ile, upepo ukipiga, mvua ikinyesha, ukiwa mwendo mdogo au mkubwa. Alafu ile njia yake nyembamba ya kuingizia hewa inaleta ukinzani kidogo, na ukinzani huo unaongeza mvuto kwenye mdomo wa jeti, petroli inapanda zaidi. Petroli ili iungue yote inataka karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, na kiwanda kilichagua jeti za kufika karibu na hapo boksi likiwepo. Litoe, hewa inaingia nyingi na mvuto kwenye jeti unapungua kwa wakati mmoja. Ndo maana pikipiki iliyovuliwa boksi bila kugusa jeti inakuwa na mchanganyiko mwepesi, yaani hewa nyingi mafuta machache. Kinyume chake ni mchanganyiko mzito, mafuta mengi hewa kidogo. Hayo maneno mawili ntayatumia mpaka mwisho.

Kabla hujailaumu hewa

Pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Angalia plagi inatoa moto mzuri, angalia nafasi za valvu, mwaga petroli ya zamani weka mpya, na kabureta ifunguliwe ioshwe njia zote. Valvu iliyobana au ringi zilizoisha zinatoa dalili zinazofanana kabisa na shida ya hewa na utabadili filta tatu bila kufika popote.

Ukiwa umeifungua kabureta hapo hapo soma namba za jeti. Zimeandikwa ubavuni au kichwani kwa herufi ndogo sana, tumia tochi. Andika meni jeti (ile ya ukivuta mafuta mpaka mwisho) namba ngapi, slo jeti (ile ya mzunguko wa chini) namba ngapi, na klipu ya sindano (ile inayopima petroli ya katikati) ipo kwenye mfereji wa ngapi kutoka juu. Alafu tafuta kitabu cha ufundi cha modeli na mwaka ule ule ulinganishe. Hapa ndo utajua historia ya pikipiki kuliko alivyokusimulia muuzaji. Jeti zikiwa za kiwandani, hio kabureta inataka boksi lake. Zikiwa kubwa kuliko za kiwandani kuna mtu aliiseti kwa filta za koni au ekzosi ya wazi, na we ukiirudishia boksi zima safi kwa nia njema kabisa itaanza kutoa moshi mweusi. Na namba za kampuni moja usilinganishe na za kampuni nyingine, Mikuni na Keihin hawapimi jeti kwa njia moja, 120 ya huku sio 120 ya kule.

Silensa inapanda yenyewe, ukiachia mafuta inachelewa kushuka

Silensa hapa ni mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta, sio bomba la moshi. Hii ndo dalili ya kwanza kwa pikipiki iliyokaa sana. Umeiwasha, imepata moto, unapiga resi kidogo unaachia, badala ya kushuka inabaki juu inaning'inia sekunde kadhaa ndo inashuka polepole. Au leo silensa ipo sawa kesho ipo juu bila kugusa skrubu. Hapo kuna hewa inaingia mahali ambapo haikupimwa, na mara nyingi sio upande wa filta kabisa, ni mbele ya kabureta, kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na injini.

Uvue uushike mkononi. Mpira mzima ukiukunja unakubali na unarudi. Uliozeeka unakuwa mgumu kama gurudumu la toroli, na ukiukunja polepole ukiwa umemulika tochi unaona mistari midogo inafunguka, hasa pale mpira unapoungana na bati la bolti, kwa nje unaweza kuonekana mzima ila ukivuta kidogo unaona ufa umeenda mpaka ndani. Angalia na oringi yake, ile ya kwenye uso unaogusa injini, ikiwa imekuwa bapa badilisha. Angalia na vile vitobo vidogo vya kupimia mvuto, kwenye skrepa vifuniko vyake vya mpira huwa vimepotea na kitobo kimoja tu kilichoachwa wazi kinatosha kuharibu silensa ya injini nzima. Na kama koki ya tanki inafunguliwa na mvuto wa injini, ule mpira mwembamba unaotoka koki kwenda kwenye menifodi (njia ya hewa kuingia injini) nao uangalie mpaka mwisho.

Kujua panapovuja, injini ikiwa silensa pulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia, kidogo kidogo, sehemu moja moja, kwenye maungio. Ukifika palipopasuka maji yanaziba ule ufa kwa sekunde na mlio unabadilika hapo hapo. Wengi wanatumia spreyi ya kuoshea kabureta, inafanya kazi na inaonyesha haraka zaidi, ila inashika moto na ekzosi ipo hapo karibu imeiva, mimi maji nayaamini na sioni sababu ya kuunguza pikipiki uliyoanza juzi kuifufua.

Usizibe kwa silikoni. Silikoni ya kawaida ikikutana na petroli inavimba inamomonyoka, vipande vinavutwa ndani, alafu unarudi kufungua kabureta upya. Mpira uliopasuka unabadilishwa, basi. Na mpaka hapo usinunue filta yoyote, manake filta mpya haitaziba ufa ulio mbele yake.

Kwa injini ya stroku mbili hii dalili zima mara moja. Kule oili ya kulainisha pistoni inaingia pamoja na mchanganyiko, na mchanganyiko ukiwa mwepesi joto linapanda pistoni inakwama kwenye silinda, haikupi muda wa kufikiria.

Inakubali na choki tu, ukitoa choki inakufa

Choki inaongeza mafuta au inapunguza hewa kutegemea aina, kwa vyovyote inafanya mchanganyiko uwe mzito. Kwaio injini ikiipenda choki hata ikiwa imeshapata moto inakwambia ina njaa ya mafuta kwenye mzunguko wa chini. Sababu inayoongoza ni slo jeti iliyoziba, kale katundu kake ni kembamba sana na petroli iliyokauka inakaziba kabisa, kashike ukaangalie kwenye mwanga uone duara safi la mwanga, sio kivuli. Ikiwa safi na hakuna ufa wa hewa, ndo sasa unageukia filta: je kuna koni zimewekwa na slo jeti imebaki ya kiwandani?

Kabla ya kubadili jeti jaribu skrubu ya mchanganyiko. Ila ujue ni ya aina gani. Ikiwa imekaa upande wa injini inapima mafuta, ukiifungua nje unaongeza mafuta. Ikiwa upande wa filta inapima hewa, ukiifungua nje unapunguza mafuta, kinyume kabisa. Kabureta nyingi zinakaa vizuri kati ya raundi 1 na nusu na 2 na nusu kutoka iliyofungwa. Ukiona mpaka uifungue raundi 3 na zaidi ndo itulie, slo jeti ni ndogo kwa hewa unayoipa, na ikitulia imekaribia kufungwa kabisa basi slo jeti ni kubwa (nazungumzia ile ya mafuta, ya hewa geuza).

Katikati inasita, inazama, alafu inashtuka inaenda

Hapa inabidi ujue kabureta yako ni ya aina gani. Kama waya wa mafuta unaingia juu na kuvuta slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) moja kwa moja, hio ni ya kawaida na inazivumilia sana filta za koni. Kama juu kuna kifuniko kipana na ndani yake kuna dayaframu ya mpira, na waya unazungusha tu kisahani kilicho upande wa injini, hio ni kabureta ya mvuto. Slaidi yake hainyanyuliwi na mkono wako, inanyanyuliwa na tofauti ya msukumo wa hewa: juu ya dayaframu kuna mvuto wa injini, chini kuna hewa iliyotulia inayotoka kwenye boksi. Sasa ukiondoa boksi hio hewa ya chini haijatulia tena, slaidi inapanda inashuka bila mpango, na ndo unapata kule kusita kwa katikati ambako hakuna jeti inayokuponya vizuri. Watu wanapanda meni jeti mara nne wakati shida haipo kwenye meni jeti.

Kuna kitu kingine kidogo hapa ambacho kinawasumbua watu wengi na ni rahisi sana kukiona. Tazama mdomo wa nyuma wa kabureta, ule unaovaa filta. Pembeni ya lile tundu kubwa utaona vitobo vidogo, viwili au vitatu. Kimoja kinapeleka hewa slo jeti, kingine meni, na kwenye kabureta ya mvuto kuna kinachopeleka hewa chini ya dayaframu. Mpira wa kwenye filta za koni za bei ya chini una ukingo mnene kwa ndani, na ukiivalisha mpaka mwisho ule ukingo unalala juu ya vile vitobo unaviziba. Kitobo cha slo jeti kikizibwa silensa inakuwa nzito, inanuka petroli. Cha dayaframu kikizibwa slaidi haipandi, pikipiki inakuwa na nguvu ya baiskeli ukivuka nusu ya mafuta. Kwaio koni ikivaliwa chungulia kwa ndani na tochi, vitobo vyote vionekane. Vikiwa vimefunikwa usikate mpira kwa kubahatisha, tafuta koni yenye ukingo mwembamba.

Na kabla ya kuhukumu filta, inyanyue slaidi kwa kidole injini ikiwa imezimwa uiachie. Inatakiwa ishuke taratibu. Ikidondoka pwa, dayaframu ina tundu au haijakaa kwenye mfereji wake, itoe uinyooshe kuelekea taa utafute nukta za mwanga.

Moshi mweusi, plagi nyeusi kavu, mafuta yanaisha haraka

Mchanganyiko mzito. Kipimo cha haraka ni kutoa filta dakika moja sehemu isiyo na vumbi, ukipiga resi ikachangamka basi ilikuwa inakosa hewa. Sasa ilikosa kwa sababu gani? Filta ya karatasi iliyolowa oili haipitishi hewa hata ukiipuliza na kompresa, na kwenye pikipiki iliyoanguka hii ni kawaida sana kwa sababu ikilala ubavu oili ya injini inapita kwenye mpira wa kupumulia inaingia kwenye boksi inalowesha filta yote. Filta ya sponji iliyozeeka nayo ina tabia mbaya zaidi, inageuka unga wa kunata, ukiigusa inabaki kwenye vidole, na vipande vinavutwa mpaka kwenye kabureta. Ukikuta sponji ya hivyo usiishie kubadili sponji, fungua kabureta tena. Panya nao wanapenda sana maboksi ya pikipiki zilizokaa, ingiza mkono na tochi kwenye ile njia ya kuingizia hewa mpaka mwisho wake.

Ukitoa filta na isibadilike chochote, acha upande wa hewa. Nenda kwenye floti (boya la kwenye bakuli la petroli la kabureta), ikiwa juu sana au sindano yake ya kufungia haifungi, mafuta yanafurika. Nenda kwenye plunja ya choki iliyokwama wazi. Kwenye injini ya silinda zaidi ya moja, kama plagi moja tu ni nyeusi na nyingine zipo sawa, na koki ni ya mvuto, dayaframu ya koki ikitoboka inavujisha petroli moja kwa moja kupitia ule mpira mwembamba kwenda silinda hio moja. Na kama namba zako za jeti zilikuwa kubwa kuliko kitabu, jibu unalo tayari.

Plagi yenyewe uisome vizuri: rangi ya kahawia iliyopauka ni sawa, nyeupe kama chaki ni mchanganyiko mwepesi na joto kali, nyeusi kavu kama masizi ni mzito, nyeusi ya kulowa yenye kung'aa ni oili na hio haihusiani na filta. Usisome plagi baada ya kuiacha silensa robo saa, itakudanganya. Endesha kwa mwendo unaoutilia shaka, vuta klachi uzime hapo hapo, ndo utoe.

Ukivuta mafuta yote inakata

Tofautisha inakata mara moja au inakata baada ya muda. Ikikata pale pale unapofika mwisho wa mafuta na ukirudisha kidogo inavuta, meni jeti ni ndogo kwa hewa inayoingia. Ikivuta vizuri sekunde kadhaa alafu inakufa polepole kama inayozimwa, bakuli la kabureta linaishiwa, angalia koki, filta ya petroli na tundu la kupumulia la mfuniko wa tanki. Hii ya pili hata uweke meni jeti ya ukubwa gani haitapona.

Mvua ikinyesha au upepo ukipiga ubavuni inabadilika

Ni koni hizo. Maji yanalowesha filta hewa haipiti, na upepo wa pembeni unabadilisha msukumo kwenye mdomo wa kabureta. Unaweza kuweka kinga ila kama pikipiki ni ya kazi ya kila siku jibu la kweli ni boksi.

Kwa zile za injeksheni

Hizi zinachanganya watu kwa sababu wanaambiwa kompyuta itajirekebisha. Inajirekebisha kwa kiasi tu. Pikipiki nyingi hazipimi wingi wa hewa inayoingia, zinakisia kwa kutumia msukumo ndani ya menifodi, joto la hewa, ufunguzi wa mafuta na mzunguko wa injini, na ramani ya mafuta iliandikwa boksi likiwepo. Sensa ya ekzosi inasahihisha zaidi ukiwa mwendo wa utulivu, ukivuta mafuta yote haisaidii. Na sensa ya joto la hewa mara nyingi imefungwa kwenye boksi lenyewe. Ukilivua ukaiacha inaning'inia karibu na injini inasoma hewa ya moto, kompyuta inapunguza petroli, unapata mchanganyiko mwepesi juu ya mwepesi. Kwa injeksheni ya skrepa tafuta boksi lake tu, labda kama una njia ya kuandika ramani upya.

Sasa filta gani

Kama boksi lipo na jeti ni za kiwandani, tengeneza boksi. Plastiki iliyopasuka inaunganishika kwa moto wa kuunganishia plastiki au gundi ya epoksi isiyolegezwa na mafuta, mradi ufa usiwe pale filta inapokaa, manake pale panatakiwa pawe tambarare kabisa. Weka filta mpya ya aina ile ile, karatasi au sponji kama ilivyokuwa. Filta ya pamba ya kuoshwa inapitisha hewa vizuri na inadumu ila inataka oili yake na kwa kipimo, ikizidi inadondoka ndani.

Boksi likiwa limepotea tafuta lililotumika la modeli ile ile na mwaka unaoendana, linganisha namba ya kipuri, sio sura. Mwaka mmoja unaweza kuwa na mpira mrefu kidogo au njia ya hewa pana kuliko mwingine. Likifika livalishe kwanza bila kufunga, na hapa pikipiki iliyoanguka inajitaja yenyewe: fremu ya nyuma ikiwa imepinda mipira ya boksi haitakutana sawa na kabureta, utaisukuma itaingia ila itabaki imejikunja upande mmoja na hewa chafu itapita hapo hapo. Nyoosha fremu kwanza. Mipira ikiwa migumu kuingia ilainishe kwenye maji ya moto, itakubali.

Koni ninazikubali kwa mtu ambaye kabureta zake ni za slaidi ya kawaida, au boksi halipatikani kabisa, na yupo tayari kuseti jeti mpaka mwisho. Pima kipenyo cha nje cha mdomo wa kabureta kwa kipimio cha vernia, sio kwa macho, koni iliyozidi milimita 2 ukaibana kwa klampu inakunja mkunjo na mkunjo ni mlango wa vumbi. Chukua ndefu kuliko fupi, eneo kubwa la filta linachelewa kuziba. Ule mpira wa kupumulia injini uliokuwa unaenda kwenye boksi usiuzibe, msukumo utatafuta njia kwenye sili uanze kuvujisha oili, uwekee kifilta chake kidogo au kichupa cha kukusanyia. Na matundu mengine yaliyoachwa wazi baada ya kutoa boksi yafuatilie moja moja yanaenda wapi kabla ya kuyafunika.

Kuacha kabureta wazi bila filta, hapana. Vumbi ni mchanga, unasaga ringi na silinda, na injini uliyoihangaikia inaanza kula oili.

Ukiweka koni anza na meni jeti, panda hatua moja moja, ukimaliza rudi kwenye sindano ndo uje slo jeti na skrubu. Bandika utepe kwenye hendo ya mafuta uweke alama za robo, nusu na robo tatu, ili ujue shida ipo wapi unapoendesha: kutoka kufungwa mpaka robo ni kazi ya slo jeti na skrubu, robo mpaka robo tatu ni sindano, kuanzia hapo mpaka mwisho ni meni jeti. Ikisita kwenye nusu usiguse meni, inyanyue sindano mfereji mmoja kwa kushusha klipu. Badili kitu kimoja kwa wakati na uandike. Kama una ekzosi inayovuja kwenye maungio ya kichwa rekebisha kabla, hewa ikipenya pale inapiga bakfaya ukiachia mafuta na utadhani ni mchanganyiko mwepesi. Na kumbuka hewa ya sehemu za juu ni nyepesi, nguvu inapungua kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, jeti iliyosetiwa chini itakuwa nzito huko, hio usiihesabu kama ubovu.

Ukishamaliza, boksi au koni, endesha siku chache kwenye vumbi la kawaida alafu vua filta upanguse ndani ya mpira, upande wa kabureta, kwa kitambaa cheupe. Kikitoka safi umeziba vizuri. Kikitoka na unga mwembamba wa kahawia hewa inapita pembeni ya filta, angalia ukingo wa filta, paka grisi kidogo pale inapokaa, kaza klampu upya kwa sababu mpira mpya ukipata joto unalegea, na urudie kupangusa mpaka kitambaa kitoke cheupe.